Miaka minne na Swift Sport ya gia za mkono hapa Mwanza: daftari langu la gharama

Mimi ni mhasibu, na kila shilingi iliyoingia kwenye gari hili tangu Agosti 2021 nimeiandika. Tangu siku ya kwanza watu wananiuliza maswali mawili tu: linakula mafuta kiasi gani, na spea unapata wapi? Wengine wakishauliza wananionea huruma bila kusubiri jibu. Basi leo nimelifungua daftari, anayetaka kununua gari la aina hii akae asome.

Gari ni Suzuki Swift Sport, chesisi ZC31S, toleo lililouzwa Japani kuanzia 2005 hadi 2010. Injini ni M16A ya CC 1,600 yenye nguvu za farasi 125, gia tano za mkono, rangi ya njano. Nililinunua kwa shilingi milioni 11 na nusu, namba D, kutoka kwa kaka mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anahama nchi. Nilipiga hesabu ya kuagiza mwenyewe kutoka Japani nikaacha, maana gari likishavuka miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Nikalifuata Dar na mdogo wangu, tukalirudisha kwa siku mbili kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Tulipofika Usagara mdogo wangu, ambaye njia nzima alikuwa ananishawishi nibadilishe ninunue Toyota IST, alikuwa ameshanyamaza.

Nakaa Nyegezi, kazi yangu iko upande wa Ilemela, kwa hiyo kila siku nalikata jiji zima kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 30. Ukijumlisha safari za Musoma, Geita na Shinyanga, miaka minne nimetembea kilomita 52,000. Matengenezo yote yamegharimu shilingi 6,732,000, yaani wastani wa shilingi 140,000 kwa mwezi. Wapo watakaoona ni nyingi na wapo watakaoona ni kidogo. Mimi naona cha kuangalia ni fedha hiyo ilikwenda sehemu gani ya gari, kwa sababu haikwenda pale ambapo kila mtu alinitisha kwamba itakwenda.

Walinitisha injini. Injini ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni, kwa hiyo hakuna ile bili ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Lakini cheni inaishi kwa oili safi, na hapo sina mchezo: kila kilomita 5,000 namwaga, hata kama fundi akiitazama na kusema "dada, hii bado inafaa". Galoni ya lita 4 ya sinthetiki 5W-30 imekuwa ikinigharimu kama 105,000, filta 15,000, fundi 20,000. Nimefanya hivyo mara 10, ni 1,400,000. Ongeza plagi za iridiamu mara moja, filta za hewa, oili ya gia boksi mara mbili na maji ya breki, unapata 327,000 nyingine. Kwa hiyo injini na sevisi zake zote hazijafika milioni 2 kwa miaka minne. Na hizi spea za sevisi hazina shida kupatikana, kwa sababu familia hii ya injini ya M16A imefungwa pia kwenye SX4 na Grand Vitara za CC 1,600. Filta ya oili sijawahi kuitafuta zaidi ya nusu saa pale mjini.

Fedha imeliwa na miguu, yaani shokapu na viungo vinavyoshika magurudumu, na matairi.

Gari hili liko chini na shokapu zake ni ngumu, limetengenezwa kwa ajili ya lami iliyonyooka. Sisi tumejengewa jiji juu ya mawe. Barabara kubwa ni nzuri, ile ya kutoka Nyegezi hadi mjini haina neno, lakini ukiiacha lami ukapanda Isamilo au nyuma ya Mabatini unakutana na vichwa vya miamba vimechomoza katikati ya njia, na mvua ya masika kila mwaka inakuchongea mifereji mipya. Halafu kuna matuta. Sipingi matuta, watoto wa shule wanavuka hapo, ila kila tuta linadai kitu kwenye bushi na stabilaiza linki. Stabilaiza linki nimebadilisha jozi nne. Bushi za lowa arm mara mbili. Shokapu zote nne, boli jointi, beringi mbili za mbele, na alaimenti mara tisa. Jumla ya miguu: 1,480,000.

Matairi ni 1,900,000, na hapa ndipo ningependa mnunuzi atulie. Saizi yake ni 195/50R16. Ukuta wa tairi ni mwembamba, ukiingia shimo kwa kasi rimu inagonga moja kwa moja. Nimepasua mawili kwa shimo moja, usiku, mvua inanyesha, karibu na Buhongwa. Mwenye IST au Noah anaingia duka lolote anachagua. Mimi naagiza na kusubiri, na bei haishuki chini ya 185,000 kwa tairi moja ambalo naweza kuliamini. Nilishawishiwa nifunge tairi za bei rahisi zaidi, nikakataa. Gari lenye mchomoko wa namna hii huliwekei tairi ambalo halishiki lami yenye maji.

Sasa suala la spea, ambalo ndilo lililonifundisha zaidi. Mwaka wa kwanza niliingia duka moja mjini kutafuta pedi za breki za nyuma. Kijana akaniletea shuu, ambazo ni za breki za ngoma. Nikamwambia gari langu nyuma lina diski. Akanijibu, "Dada, Swift ni Swift." Si kweli, na kauli hiyo imewagharimu wengi. Swift za kawaida nyingi tunazoziona mtaani nyuma zina ngoma, Sport ina diski. Swift ya kawaida rimu yake ina nati nne, Sport ina tano. Ukishaona nati tano ujue habu ni nyingine na breki ni nyingine, na shokapu nazo usizichukue kwa kukadiria. Tangu siku ile sinunui kitu kwa jina la gari. Napiga picha kibati cha chesisi na picha ya spea ya zamani, natuma kwa WhatsApp kwa muuzaji wa Kariakoo ambaye nimeshamzoea, anahakikisha, nalipa kwa simu, kifurushi kinapakiwa kwenye basi na kesho yake nakichukua stendi ya Nyegezi kwa 10,000. Usafiri huo unaongeza bei kidogo, lakini ni nafuu kuliko kununua kitu kisichoingia halafu ukaambiwa kilichouzwa hakirudishwi.

Ubaya wake ni siku za kusubiri. Klachi ilipoanza kuteleza, kama kilomita 38,000 baada ya kulinunua, gari lililala kwa fundi wangu wa Mkuyuni siku tano. Klachi kamili ilinigharimu 380,000, na kushusha gia boksi 120,000. Fundi alinieleza bila kunificha kwamba vilima vya jiji hili na foleni za asubuhi ndivyo vinavyomaliza klachi, maana unapanda Bugando huku umesimama na kuondoka, umesimama na kuondoka. Akanifundisha kushikilia gari kwa breki ya mkono mlimani badala ya kulining'iniza kwa klachi. Namshukuru kwa hilo kila nikipanda pale.

Tukio baya kuliko yote lilikuwa la sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Nilikuwa nashuka kwa rafiki yangu Isamilo, nikalipandia jiwe ambalo kwa gari lingine lingepita katikati ya magurudumu. Nikasikia mlio chini, mita chache mbele taa ya oili ikawaka. Nilizima injini papo hapo nikaliacha liserereke hadi pembeni. Huo uamuzi wa sekunde mbili ndio uliookoa injini. Ningesema "ngoja nifike nyumbani" leo nisingekuwa na gari. Sampu, oili mpya, kulivuta na ufundi vilikula 260,000, ndani yake kukiwa na bamba la chuma la kukinga lililotengenezwa na wachomeleaji wa Nyakato. Yeyote atakayelinunua gari hili kwa matumizi ya Mwanza aanze na bamba hilo kabla hajanunua hata kapeti.

Bampa la mbele nalo limepakwa rangi mara mbili, yote kwa sababu ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Pale gari linapoacha nchi kavu na kupanda mlango wa kivuko, pua ya Swift Sport ilikuwa lazima iguse, hata ukienda kwa pembe. Kwangu mimi kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli pale pale Juni 2025 si habari ya foleni peke yake. Kilomita 3 za kupita juu ya ziwa bila kupanda na kushuka kivuko kwa mwendo wa kinyonga, halafu lami inaendelea kuelekea Sengerema na Geita. Mara ya kwanza kuvuka niliteremsha vioo vyote.

Kuhusu kutu, watu wanaamini ukikaa karibu na ziwa gari litaoza. Maji ya Viktoria hayana chumvi. Kutu iliyokuwa chini ya gari langu lilitoka nayo Dar, kwenye hewa ya bahari, nikaikwangua na kuipaka dawa, na tangu limefika huku haijaongezeka. Anayenunua lililokaa pwani alale chini yake akague mwenyewe kwa tochi.

Mafuta sasa. Mjini napata kilomita 11 hadi 12 kwa lita, safari ndefu 14, na ukiwa na mguu mwepesi 15. Kwa miaka minne petroli imekula karibu milioni 13, takriban mara mbili ya matengenezo yote. Kwa hiyo mtu anayeogopa spea lakini haogopi umbali wa kutoka kwake hadi kazini, hesabu yake ameianzia mahali pasipofaa. Kumbuka pia kwamba Japani gari hili lilielekezwa litumie petroli ya okteni ya juu, na vituo ninavyojaza mimi vina petroli ya aina moja tu. Ninachofanya ni kutolibana injini kwenye gia kubwa likiwa linapanda mlima. Narudisha gia, linapumua.

Bima nalipa thed pati, 118,000 kwa mwaka. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa tangu 2017, ipo ndani ya bei ya mafuta, kwa hiyo hapo hakuna kingine.

Abiria wa nyuma wanabanwa. Mama yangu akipanda anakaa mbele, na nikikaribia tuta napunguza mpaka kusimama kabisa, kwa sababu mgongo wake si wa shokapu hizi. Buti ni dogo: debe moja la dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, begi, basi. Familia ya watoto watatu isilifikirie.

Lakini alfajiri, njia ya Musoma, umeshaiacha Magu nyuma na jua linachomoza upande wa Serengeti, unarudisha kutoka gia ya tano hadi ya nne kulipita lori, injini inavuka mizunguko 4,000 na sauti inabadilika. Usukani unakwambia kila kitu kinachotokea chini ya tairi. Sijawahi kuendesha gari lingine la bei hii linalozungumza na mikono namna hiyo. Mwendo ni ule ule wa sheria, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo na faini ni 30,000. Raha yake haiko kwenye kasi, iko kwenye kona, na kwenye gia inayoingia pale pale ulipoiweka.

Mwezi uliopita kijana wa jirani alinifuata, amepata Sport nyingine Dar, ya 2008, anauliza achukue au aache. Nilimtuma akaangalie mambo manne: nati tano kwenye rimu, kibati cha chesisi kisomeke ZC31S, sauti ya cheni injini ikiwashwa ikiwa ya baridi, na klachi inakamata wapi. Nikamwambia pia atenge milioni 1 na nusu pembeni ya bei, kwa ajili ya matairi na miguu, kabla halijafika Nyegezi. Cheni iko kimya, amenitumia sauti yake. Amekwenda kulichukua Ijumaa, na bamba la chuma nimeshamwagizia Nyakato.