Nyota nne kwa waliokata paja langu mara ya pili

Mie nauza viazi karai Likoni. Mwaka jana nilianza kushindwa kuinuka kwenye sijida, mpaka nishike ukuta. Nikishuka feri, kile kilima cha upande wa mjini kikawa mtihani. Vifundo vya vidole vikageuka rangi ya zambarau, nami nikasingizia mafuta ya karai. Kupima damu, CK, kile kimeng'enya kinachovujia damuni msuli ukiumia, imepita 4,000! Ikabidi kikatwe kinyofu cha msuli wa paja kikatazamwe kwa hadubini.

Kliniki ya kwanza, siitaji, walikitumbukiza kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Majibu yakaja: hakifai, rudia. Kumbe msuli hupelekwa maabara mbichi, ukagandishwe upesi kwa baridi kali ya naitrojeni. Ukishalowa formalini, zile rangi za kuonyesha vimeng'enya hazishiki tena. Nimepasuliwa bure, na kovu ninalo. Basi nawe ukiambiwa utakatwa, uliza kabla hujapanda kitanda: barafu au formalini?

Hawa wa pili ni watu wa kazi. Daktari aliuliza sindano za kupima umeme wa misuli nilidungwa mguu gani, akakata mwingine, maana matundu ya sindano huacha uvimbe unaoweza kumdanganya msomaji wa hadubini. Nilitiwa ganzi, nilisikia kuvutwavutwa tu. Kinyofu kikafungwa kwenye shashi yenye unyevu wa maji ya chumvi, kikaingia kisanduku cha barafu, na jioni hiyohiyo kikapanda ndege kwenda Nairobi. Mwenyewe sijawahi kupanda ndege, nyama yangu imenitangulia.

Majibu alinichorea kwenye karatasi. Kama kosa lingekuwa la neva, nyuzi za msuli zingesinyaa makundi makundi, zikawa na pembe. Zangu zilisinyaa za pembezoni mwa kila fungu, za katikati nzima: dermatomayositisi, kinga ya mwili inaushambulia msuli na ngozi. Akanianzisha predinisoni, dawa ya kuituliza hiyo kinga, akaagiza na vipimo vya saratani kwa kuwa kwa watu wazima maradhi haya mawili huweza kufuatana. Sikukutwa nayo, alhamdulillahi.

Bei walinitajia kabla ya kisu, na risiti ikalingana.

Nyota moja nimewakata kwa sababu ya lifti. Kliniki ya watu wenye mapaja mabovu, ghorofa ya tatu, na lifti imebandikwa karatasi "mbovu" tangu siku yangu ya kwanza. Juzi nilizipanda zile ngazi kwa kupumzika mara moja tu. Zamani nilipumzika mara nne.