TAHADHARI: Vifaranga "majike watupu kwa rangi", nusu yao ni majogoo

Ndugu wafugaji, hasa mnaoanza na kuku wa mayai, kuna muuzaji anayezunguka huku kwetu Morogoro na vifaranga anaowaita "chotara wa rangi". Anasema kifaranga wa kahawia ni jike na wa manjano ni dume, wala hakuna kukosea. Nilimwamini. Nilichukua vifaranga 100 wa kahawia kwa shilingi 3,000 mmoja, hela ya mkopo wa kikoba. Wanne walikufa. Kati ya 96 waliobaki, 49 ni majogoo.

Kilichoniponza ni kwamba njia anayoitaja ni ya kweli. Kuku wa mayai wa kahawia tuliowazoea hutenganishwa hivyohivyo siku wanapototolewa. Jogoo mwekundu, mfano Rhode Island Red, akipanda mitetea weupe wa aina ya Light Sussex, vifaranga madume hutoka manjano mpauko na majike hutoka wekundu wa kahawia. Kwa kuku, mama humrithisha rangi yake mtoto wa kiume peke yake, binti huchukua ya baba. Ukigeuza, jogoo akawa Sussex na mitetea ndiyo myekundu, vifaranga wote hutoka wapauko na huwezi kutenganisha kitu. Na si kila kuku mweupe anafaa kuwa mama: White Leghorn weupe wake ni wa namna nyingine, unafunika rangi kwa madume na majike sawasawa.

Sasa ujanja wenyewe uko hapa. Hesabu hiyo inakubali kwa uzao wa kwanza tu. Huyu bwana anachukua chotara wenyewe, anawapandisha wao kwa wao, kisha mayai anayatia kwenye mashine. Vifaranga wanatoka rangi mbili zilezile, macho yako yanaridhika. Lakini kwenye wale wa kahawia nusu ni madume, na kwenye wale wa manjano nusu ni majike. Rangi haikuambii chochote tena.

Hili nililithibitisha nilipokwenda kwake bila taarifa. Sikuona Sussex hata mmoja, wala jogoo mwekundu. Jogoo wake ni mweupe mwenye mabaka mekundu mabegani, na mitetea yote ni ya kahawia, ile ile ya mayai inayouzwa kila mahali ikishachoka kutaga.

Dhamana yake nayo muitazame vizuri. Anaandika kwenye risiti kwamba ukipata jogoo ndani ya siku saba anarudisha hela. Siku saba! Kifaranga wa siku saba utamjuaje? Mimi nilianza kushtuka wiki ya sita. Niliingia bandani asubuhi kubadilisha maji, mmoja akaruka juu ya chombo cha chakula, kilemba chake kimeshaiva wekundu, miguu minene, shingo ameisimamisha. Nikamgeukia wa pili, naye hivyohivyo. Nilikaa chini kwenye maranda nikaanza kuwahesabu mmoja mmoja. Nilipompigia simu alinijibu, "Mama, muda wa dhamana umepita, labda umechanganya na wa kwako." Mimi sikuwa na kuku mwingine hata mmoja.

Majogoo haya yana asili ya kuku wa mayai, mwili wake mwembamba, yanakula kama mengine na nyama hayaweki. Mfuko wa kilo 50 unaisha huku unajua nusu yake haitarudi hata kama yai moja.

Kabla hujatoa hela, omba kuwaona wazazi kwa macho yako, si kwa picha. Baba awe mwekundu, mama awe mweupe asiye White Leghorn. Ukikuta baba mweupe mwenye mabaka na mama wa kahawia, ondoka. Akikataa kukuonyesha, ondoka pia. Na akikwambia anaweza kuchagua mayai ya majike kwa umbo, yale ya duara na yale yenye ncha, usimsikilize kabisa, maana umbo la yai halionyeshi jinsia ya kifaranga.

Waliokwishanunua kwake wawatazame vilemba kuanzia wiki ya tano, wayatenge majogoo mapema kabla hayajamaliza chakula. Risiti zenu zitunzeni. Tuko wanne hadi sasa ambao tumepata hasara hii, na tunataka kwenda kwa afisa mifugo wa kata kwa pamoja, kwa hiyo aliyeumizwa aniandikie hapa.

Jana nimeona ameweka tangazo jipya. Amebadilisha picha tu, matenga ni yaleyale ya kijani na siku saba zake bado zipo.