Honi ya gari la zamani: ununue nini kwanza

Peugeot 504, Datsun 1200, Land Rover za Series: magari haya bado yanatembea Nakuru na Kisumu, na wenyewe wana kilio kimoja. Honi imenyamaza, au inakoroma tu. Wengi hukimbilia kununua honi mpya, wakaifunga, nayo ikakoroma vile vile. Kabla hujatoa pesa, pima. Vuta waya kutoka kwa betri hadi kwenye honi yenyewe, na nyingine ya arthi, yaani ya kurudisha umeme kwa betri kupitia bodi. Ikilia sawasawa, honi ni nzima na ugonjwa uko njiani.

Katika mengi ya magari haya, umeme hufika kwenye honi moja kwa moja kutoka kwa fyuzi, na kitufe cha usukani hukamilisha njia kwa kuigusisha na bodi. Ndiyo maana waya ya kitufe ikichubuka ndani ya usukani, honi hulia yenyewe bila mtu kuigusa. Pale pasipo na relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe mwingi, umeme wote wa honi, ampea nne au tano kwa kila moja, hupita kwenye pete ndogo ya shaba iliyo kwenye usukani. Ifungue uitazame: utakuta imeungua, ina madoa meusi.

Kwa hivyo nafasi ya kwanza naipa relei, wala si honi. Chukua ya volti 12, ampea 30, miguu minne. Kila mguu una namba yake: 30 inaenda kwa betri kupitia fyuzi, 87 kwa honi, 86 kwa umeme wa fyuzi, 85 kwa kitufe. Kitufe sasa kinabeba umeme kidogo sana, na honi inapata nguvu yake yote. Ni bei rahisi kuliko honi yoyote, na ndiyo tiba niliyoona ikifanya kazi zaidi. Usisahau arthi: honi yenye mguu mmoja hutumia bano lake kama arthi, na kutu au rangi chini ya bano inatosha kuinyamazisha. Piga msasa hadi chuma king'ae. Kisumu, kwa unyevu wa ziwa, paka grisi ukimaliza.

Ya pili ni honi asili, iliyotolewa kwenye gari kama lako lililokufa. Zitafute kwa mafundi wa jua kali, soko la Kibuye kule Kisumu au Nakuru. Honi ya zamani hutengenezeka: nyuma ina skrubu ya kurekebisha. Ikiwa inatoa mlio wa "tik" tu, zungusha robo, ujaribu, uzungushe tena. Na ile sauti ndiyo ya gari lenyewe. Mimi nitaitafuta miezi kabla ya kufunga nyingine.

Ya tatu, jozi mpya ya honi za sahani, zile bapa za duara, moja ya sauti nyembamba na moja nene. Hizi hazina shida, mradi volti ziwe sawa. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na honi ya volti 12 humo italia kwa unyonge au isilie kabisa.

Zile za umbo la konokono zina sauti tamu, lakini zinahitaji nafasi, na mdomo wake lazima uelekee chini, la sivyo maji na vumbi vitazijaa.

Ya mwisho ni honi ya upepo yenye pampu. Pampu hula umeme mwingi kuliko waya za zamani zinavyoweza kubeba. Tena Land Rover na Morris nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Honi ya kawaida haijali, lakini pampu ikifungwa kama kwenye gari la kisasa inaweza kuzunguka kinyume, na relei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) itaungua. Muulize muuzaji kama relei yake ina dayodi, na umwambie aijaribu honi kwa betri mbele yako kabla hujalipa.