SGR ya Tanzania, Dar hadi Dodoma: pwani na nyanda kavu kwa safari moja

Kwa Mkenya au Mganda anayetaka kuona sura mbalimbali za Tanzania kwa muda mfupi, treni hii ya umeme iliyoanza 2024 inalipa kuliko basi. Inafika kilomita 160 kwa saa, na Dodoma unaingia baada ya saa tatu na ushei hadi nne.

Safiri mchana, ukae upande wa kushoto ukitoka Dar. Baada ya minazi ya pwani na bonde la Ruvu, milima ya Uluguru inajitokeza upande huohuo ukikaribia Morogoro. Kilosa ndiyo kilele: reli inabanana na mto Mkondoa, inaingia mahandakini, na kila ukitoka kijani kinazidi kupungua, hadi ubaki na vichaka na mibuyu ya Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma. Treni ya usiku inakunyima haya yote.

Tiketi kata mtandaoni mapema, hasa za wikendi na sikukuu, kwa pasipoti ileile utakayosafiria. Fika stesheni saa mbili kabla ya treni kuondoka. Ukaguzi wa mizigo una foleni. Ukishukia Morogoro, stesheni iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji au daladala.