TAHADHARI: Maltimita ya "True RMS, CAT III 1000V" ambayo ndani siyo

Wakuu, kuna maltimita inazunguka kwenye masoko ya mtandaoni na muuzaji wake anajua fika anachokifanya. Tangazo linasema True RMS (inapima AC kwa usahihi hata wimbi lisipokuwa safi), hesabu 6000 (wingi wa namba ambazo kioo kinaweza kuonyesha), CAT III 1000V (daraja la usalama, nitalieleza mbele), ukinzani wa ndani megaomu 10, fyuzi ya seramiki, na cheti cha kalibresheni juu yake. Picha ni za mita nzuri kweli. Mzigo ukifika, ganda ni lile la kwenye picha, stika ni ileile, hata rangi ya waya haijabadilika. Ndani kuna DT830, ile mita ndogo ambayo mafundi wengi walianza nayo, imevalishwa ganda la wakubwa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na DT830. Ikiwa na betri nzima, kwenye volti za DC inasoma vizuri kuliko watu wanavyoisema. Usahihi unaoandikwa kwenye karatasi yake kwa kawaida ni asilimia 0.5 pamoja na tarakimu 2 za mwisho, kwa hiyo betri ya volti 4 ukiipima kwenye renji ya 20, kosa halitakiwi kuzidi volti 0.04 hivi. Anayejifunza elektroniki anahitaji nini zaidi ya hapo? Shida inaanza pale mtu anapoichukua mita hiyo, anaiandika 1000V, kisha fundi anaiamini na kwenda nayo kwenye bodi kuu ya umeme ya jengo.

Kama umeshanunua mita ya namna hii, unaweza kuibaini bila kufungua hata skrubu moja. Betri ya volti 9 na rezista mbili za megaomu 1 zinatosha, usiguse umeme wa ukutani.

Unganisha rezista mbili kwa mfululizo, ncha za nje ziende kwenye betri, halafu pima kati ya sehemu zinapokutana na hasi ya betri. Kwa hesabu pale pana nusu ya betri, volti 4.5. Mita yenye megaomu 10 itakupa 4.3 hivi, kwa sababu nayo inanyonya kidogo. Hii yangu inasoma 3.0. Hapo ukinzani wake wa ndani ni megaomu 1, kama DT830 yoyote ile: ukiiweka sambamba na rezista ya megaomu 1 unabaki na nusu yake, na theluthi moja ya volti 9 ni 3. Tangazo limezidisha ukinzani mara kumi, na mwenye mita atakuwa anazilaumu saketi nzima ambazo hazina kosa lolote.

Kisha weka swichi kwenye AC, renji ya 200, na uguse betri ileile ya volti 9. Mita ya True RMS ya kawaida, kwenye AC huizuia DC isipite, kwa hiyo itaonyesha sifuri au karibu na sifuri upande wowote utakaogusa. Hii upande mmoja inasoma karibu mara mbili ya betri, 18 au 20 hivi, na ukigeuza waya inasoma sifuri. Maana yake mle ndani kuna diodi moja tu inayokata nusu ya wimbi, na kinachobaki kinazidishwa kwa namba iliyopangwa kwa wimbi safi la sine. Ukiipeleka kwenye inveta ya mawimbi ya mraba yenye mapengo katikati, volti 230 halali inaweza kusomeka kama 180. Kuna watu wamerudisha inveta nzima dukani kwa sababu ya mita kama hii.

Hizo "hesabu 6000" nazo hazina maisha marefu. Betri ya lithiamu ya volti 3.7, mita ya hesabu 6000 huionyesha na tarakimu tatu baada ya nukta. Hii inaonyesha mbili na kuishia hapo, kwa kuwa kioo chake mwisho ni 1999. Na hata ingekuwa nazo kweli, wingi wa tarakimu si usahihi. Chipu inaweza kukuandikia 3.842 kwa kujiamini kabisa wakati ukweli ni 3.79.

Sasa kufungua. Ondoa waya za kupimia kwanza, kisha betri, kisha skrubu za nyuma. Kitakachokupokea ni bodi ndogo katikati ya ganda pana, na tone jeusi la gundi lililofunika chipu. Si dhambi hiyo, mita za bei ndogo karibu zote zimejengwa juu ya muundo wa chipu ya ICL7106 ya Intersil au nakala zake. Angalia pale soketi za waya zinapoingilia kwenye bodi. Kwenye mita iliyojengwa kwa ajili ya umeme mkubwa utakuta viziba-miruko, vile vidude vya duara vya kumeza umeme unaoruka ghafla, pamoja na rezista nene na nafasi pana kati ya njia za shaba. Kwenye hii, mahali pa vidude hivyo pamechapwa alama zake kabisa kwenye bodi, lakini ni matundu matupu. Mtu alichora bodi akijua kinachotakiwa, mwingine akaamua kisiwekwe.

Fyuzi ndiyo iliyonifanya niandike. Tangazo lilisema seramiki. Niliyoikuta ni ya kioo, ya milimita 5 kwa 20, kwenye kichwa chake imeandikwa 250V. Mita inaandikwa 1000V huku fyuzi yake inaishia 250! Fyuzi za kioo za daraja la chini zimekusudiwa kukata salama mkondo wa kama ampea 35, au mara kumi ya ukubwa wake, ule ulio mkubwa zaidi. Shoti kwenye bodi kuu inaweza kuleta maelfu ya ampea. Hapo uzi ukishakatika, umeme unaendelea kupita hewani kama cheche nene, kioo kinapasuka, na mkono wako uko sentimita chache kutoka hapo. Fyuzi za seramiki zilizojazwa mchanga zipo kwa sababu hiyo hasa, mchanga unaizima ile cheche, na nzuri zake hukata ampea 10,000 na zaidi.

Na hiyo fyuzi ya kioo inalinda tundu la miliampea tu. Tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa. Kwenye DT830 halisi huwa wanakuwa wakweli kidogo, wanaandika UNFUSED pembeni ya tundu. Huyu bwana ameifunika kwa stika yake. Niliikwangua kwa ukucha na neno likatokea chini yake, herufi zote. Kilichopo kati ya tundu hilo na COM, tundu la waya mweusi, ni kipande cha waya mnene kilichokunjwa, ukinzani wake kama omu 0.01. Fundi aliyesahau waya kwenye tundu la ampea baada ya kupima mkondo, akagusa soketi ya ukutani, amepiga shoti kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo maandishi ya CAT yanapokuwa na uzito, wala si pambo. Yanatoka kwenye viwango vya kimataifa vya usalama wa vifaa vya kupimia, IEC 61010. CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni nyaya na bodi za ndani ya jengo, CAT IV ni mahali umeme unapoingilia kutoka nje. Mita ya CAT III 1000V inatakiwa kustahimili mruko wa volti 8000 kutoka kwenye chanzo chenye ukinzani wa omu 2 tu. Mruko wenyewe ukishafungua njia, umeme wa kawaida wa jengo ndio unaofuata nyuma yake na kufanya uharibifu. Bodi yenye matundu matupu niliyoieleza haiwezi kusimama mbele ya kitu hicho, hata ibandikwe stika ngapi.

Jambo lingine, ambalo linahusu hata mita za bei ndogo zisizo na udanganyifu wowote: betri ya mita ikichoka, mita inasoma juu. Chipu hupima kwa kulinganisha umeme unaoingia na volti yake ya rejea. Betri ya volti 9 ikishuka chini ya kama volti 7, ile rejea nayo inaanza kushuka, na rula iliyosinyaa hukuonyesha kila kitu kimerefuka. Betri ya gari iliyo na volti 12.1 itasomeka kama 12.9, nawe utaapa imejaa. Mita yenye adabu huonyesha alama ya betri kwenye kioo. Hii haina, ingawa kwenye picha ya tangazo alama inaonekana wazi. Ukiona kila unachopima kina nguvu kuliko kawaida, shuku betri ya mita kabla hujashangilia.

Kwa umeme wa AC wa ukutani, hata ikiwa mpya, usitegemee mengi. Renji ya 750 inakwenda volti moja moja, na usahihi unaoandikwa ni asilimia 1.2 pamoja na tarakimu 10. Piga hesabu kwa volti 230: karibu 3 za asilimia, jumlisha 10, unapata 13. Kwa hiyo kusoma 217 au 243 bado ni "sahihi" kwa mujibu wa kiwanda. Ni sawa ukitaka kujua kama umeme upo na uko wa kiasi gani. Si sawa ukitaka kumshtaki mtu kwamba umeme wake uko chini.

Waya za kupimia sizichambui sana. Zishikanishe kwenye renji ya omu 200: nzuri zinasoma omu 0.2 hadi 0.5 na kutulia. Zangu zinacheza kati ya 1 na 2 kila nikizitikisa, na zimeandikwa 10A ubavuni.

Cheti cha kalibresheni ni nakala ya karatasi moja inayotumwa kwa kila mnunuzi. Hakina namba ya mita, hakina jedwali la vipimo, hakina maabara. Cheti cha kweli, cha maabara inayofuata ISO/IEC 17025, kinataja namba ya kifaa hichohicho ulichoshika, kilisoma nini kwenye kila kipimo, na shaka ya kipimo ni kiasi gani. Alama ya CE nayo isikutulize peke yake, kwa bidhaa za aina hii kiwanda chenyewe ndicho kinachojitangazia. Alama za maabara za nje kama UL, ETL au TÜV huja na namba unayoweza kuitafuta kwenye orodha zao. Namba isipokuwepo, chukulia alama ilichorwa.

Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha ya fyuzi na ya stika niliyoikwangua. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba nimepoteza haki ya kurudishiwa kwa kuwa nimefungua ganda. Nikamtumia kipimo cha rezista mbili, ambacho hakihitaji kufungua chochote. Akanipa punguzo kwenye mita nyingine kama hiyo. Nilipoendelea, akanifungia. Sasa picha zilezile ziko chini ya jina jingine la duka, na mkwaruzo uleule kwenye kona ya chini kushoto ya kioo unaonekana katika picha ya tatu.

Kwa waliokwisha kununua: iwekeni kwa kazi za betri na saketi ndogo, tundu la ampea 10 lizibeni kwa gundi, na dai la kurudishiwa pesa lifungueni kupitia soko lenyewe, si kwa muuzaji, mkiambatanisha video ya rezista mbili na picha ya tangazo kabla hajaibadilisha.