Mwonekano wa folda katika Outlook: VBA au PowerShell?

Unaweza kuunda mwonekano wa folda, yaani namna barua zinavyopangwa na kuchujwa, kwa msimbo wa VBA (lugha ya programu iliyo ndani ya Outlook) au wa PowerShell (zana ya amri na skripti ya Windows). Gharama si hoja hapa. VBA huja na Outlook, PowerShell huja na Windows, na zote huita amri zilezile: Views.Add ya kuunda mwonekano, kisha Save ya kuuhifadhi.

Kwa wepesi, VBA iko mbele. Bonyeza Alt+F11, andika mistari michache, ujaribu papo hapo kwenye folda iliyo wazi. Ukitaka barua ambazo hazijasomwa tu, kwenye Filter (kichujio cha mwonekano) weka "urn:schemas:httpmail:read" = 0. Alama za nukuu ni sehemu ya sharti lenyewe. Ndani ya VBA ziandike mara mbilimbili.

Kwenye matunzo mambo hugeuka. Makro zote, yaani programu ndogo za VBA, hukaa kwenye faili moja, VbaProject.OTM, na mipangilio ya usalama inaweza kuzizuia. Skripti ya PowerShell ni faili la kawaida: unaihifadhi, unairekebisha, unaipeleka kwenye kompyuta nyingine.

Kwa sanduku lako mwenyewe, VBA inatosha kabisa. Anayehudumia ofisi nzima atapumua zaidi na PowerShell. Ila kama mmehamia Outlook mpya ya Windows, msipoteze muda: haikubali njia yoyote kati ya hizi.