Ford 300: injini isiyo na cheni wala mkanda, na gia moja inayonitia hasira

Wadau, karibuni tena. Nipo gereji, Fort Worth, Texas. Joto la leo hamlioni kwenye kamera ila shati langu mnaliona. Na kabla hamjaanza kuniandikia "fundi, sauti!", nimenunua maiki mpya, hii hapa kwenye kola. Ikikwaruza niambieni.

Haya. Hiki kitu kwenye stendi ni Ford 300. Silinda sita za mstari, lita 4.9. Nimeishusha kutoka kwenye ile F-150 ya 1985, ya buluu, mliyoiona video iliyopita. Habari za kabureta na hosipawa sisomi, mtazipata popote. Mjue tu Ford walianza kuitoa 1965 wakaiacha 1996. Miaka 31! Ikafungwa kwenye pikapu, kwenye magari ya kahawia ya UPS yanayosambaza vifurushi, kwenye jenereta, kwenye pampu za kumwagilia mashamba, mpaka vile vigari vinavyovuta mizigo ya ndege. Mtu wa pampu hanunui injini kwa ajili ya urembo, anataka iungurume kutwa na yeye akalale.

Sasa kijana wangu, sogeza kamera. Zaidi. Shuka kidogo. Hapohapo.

Nimetoa kava ya mbele. Tafuteni cheni. Haipo. Tafuteni mkanda wa taiming, ule unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake. Haupo! Kuna gia mbili tu. Ndogo hii ya chini ipo kwenye kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, kubwa hii ipo kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, zimeumana meno kwa meno. Yaangalieni meno yenyewe, yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo jino moja halijaachia na lenzake limeshashika. Tulizeni macho niwazungushie. Nashika kranki na spana, nazungusha upande wa mshale wa saa... mmeona? Kamshafti inakwenda kinyume! Kwenye injini ya cheni zote mbili zingeelekea upande mmoja. Naendelea... kranki imemaliza mzunguko mmoja, kam ipo nusu. Mzunguko wa pili... na alama hizi mbili, kinukta cha juu na kinukta cha chini, zimekutana uso kwa uso. Taiming yote ndiyo hiyo. Hakuna tenshona, kile cha kukaza cheni, ya kulegea, hakuna reli ya plastiki ya kuongozea cheni ya kuvunjika, hakuna kuhesabu kilomita za kubadilisha mkanda.

Ngoja niirudie, naipenda mno hii. Weka sikio... tk, tk, tk. Nikisukuma kam kwa kidole huku na huku, ulegevu unaousikia kati ya meno ni mdogo sana. Na hii injini imetembea haswa.

Imetembea kiasi gani? Hapo sasa. Dashibodi inasema maili 41,000 na kitu. Msidanganyike! Pikapu za Ford za miaka ile mita yake ina tarakimu tano tu za maili, ikifika 99,999 inarudi sifuri. Inaweza kuwa 141,000, inaweza kuwa 341,000. Muuzaji anakuapia kwa mama yake kwamba ni "original". Wewe angalia pedali ya breki. Raba ikiwa imelika mpaka chuma kinachungulia, hiyo siyo maili 41,000, ndugu yangu.

Huku watu wakizitaja hizi injini wanataja maili 300,000 bila kufungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kama jambo la kawaida tu. Mkipiga hesabu ni karibu kilomita 480,000. Nami naelewa kwa nini. Geuza stendi, waone chini. Kranki hii inakaa kwenye beringi kuu saba. Silinda sita, beringi saba, maana yake kila konrodi, ule mkono wa pistoni, ina beringi kushoto na kulia kwake, kranki haipati nafasi ya kupinda. Bloku ni chuma, hedi ni chuma, ukitaka kuibeba ita watu wanne na winchi juu. Halafu haina haraka. Kwenye mizunguko kama elfu mbili hivi kwa dakika tayari imeshakupa nguvu yake yote ya kuvuta. Ukiikanyaga zaidi inakupigia kelele tu, haikupi kitu. Pistoni isiyokimbizwa haichoki mapema.

Najua kwenye koment kuna watu wa Arusha wameshaanza: "Fundi, hujaiona 1HZ." Nimeiona! Land Cruiser ya 1HZ naiheshimu, dizeli ile inakula vumbi na inaendelea. Lakini kaka, 1HZ ina mkanda wa taiming. Ukifika kilomita laki moja unatakiwa uuguse, na wangapi wanaugusa? Mkinitajia 2F, ile ya petroli kwenye Land Cruiser za zamani, hapo nakaa kimya, ile ni ya gia kama hii. Na msishangae, Toyota injini yao ya kwanza kabisa ya gari, miaka ya 1930, waliitengeneza kwa kufuata ya Chevrolet. Undugu upo.

Wa Chrysler nao watakuja na Slant Six, injini yao ya silinda sita, ile iliyolazwa nyuzi 30. Ngumu, sikatai. Ila ina cheni, na beringi kuu ni nne.

Basi. Mpaka hapa nimesifia. Sasa mnione nikikasirika.

Rudisha kamera kwenye gia kubwa. Karibu. Mnaiona rangi yake? Kahawia. Chuma gani cha kahawia? Naikwaruza kwa ncha ya bisibisi... inatoa unga. Hii ni faiba, nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, siyo chuma! Injini yote ni chuma, wakafika kwenye gia inayobeba kila kitu wakaweka faiba, eti pikapu isivume. Kwenye malori makubwa injini hiihii wameiwekea gia ya chuma. Walijua!

Na jino likikatika hapa? Kamshafti inasimama. Distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, inaendeshwa na kamshafti, nayo inasimama. Pampu ya oili inazungushwa na shafti ya distribyuta, imesimama. Moto umekata hapohapo barabarani. Na vipande vya meno vimeanguka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, vinakwenda kuziba chujio la pampu. Kwa hiyo usiweke gia mpya tu ukawasha. Shusha sampu kwanza, osha. Na gia yenyewe haina bolti, imeshindiliwa kwenye shafti kwa presi, mimi natoa kamshafti nzima.

Kwa hasira niliyonayo sasa hivi, ukiniwekea hapa Chevrolet 292, silinda sita nayo, ya gia nayo, naweza kukuambia bora hiyo. Halafu nakumbuka spea za 300 ninavyozipata kirahisi, narudi.

Bei. Mnaniuliza kila siku. Injini pekee bado unaokota kwa bei ya mtu anayesafisha banda lake, lakini pikapu nzima, nzuri, zimepanda. Na wa Dar mnaotaka nikutumieni: petroli mnaijua bei yake? Hii inakunywa sana. Chukueni Hilux, mlale.

Gia za chuma ninazo kwenye boksi hili, ya juu na ya chini, maana zinabadilishwa pamoja. Jumapili naingiza kamshafti. Siku imehama kutoka Ijumaa, nimepata zamu nyingine kazini. Aliyewahi kufunga gia za chuma aniandikie huo mvumo wake ukoje akiwa kwenye haiwei, nataka kujua kabla sijafunga kava.